Anwani Kumi na Saba za Mpenda Heri

Jumatatu, 10 Februari

Nina adui. Sijawahi kuwa na adui tangu darasa la sita, na yule alihamia Gilgil.

Saa tano, wakati wa chai, Mwalimu Sitati aliniita kwenye maabara ya kompyuta akafunga mlango. Yeye ndiye mlezi wa chama chetu cha kompyuta, na hafungi mlango huo hata mvua ikiingia. Akasema amepata barua pepe isiyo na jina. Inanihusu.

Ina sentensi chache. Alinisomea. Yaseen ni mtoto mzuri na kazi yake ni nzuri. Lakini asisimamishwe mbele ya watu kule Rongai Jumamosi. Hataweza. Tafadhali aongee mwingine. Halafu sahihi: Mpenda heri.

Mpenda heri! Kejeli tupu.

Mwalimu alisema nisiwe na wasiwasi. Kisha akasema ataamua Ijumaa nani atazungumza kwenye mashindano ya sayansi ya kaunti, mimi au Zeddy. Kwa hiyo sasa nina wasiwasi.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimejaa. Mradi ni wangu. Ni programu inayosoma kichwa cha barua pepe, yaani ile mistari mingi iliyofichwa juu ya barua, ambamo kila seva iliyoipitisha huacha alama, kama mihuri ya posta kwenye bahasha. Programu huchuja mistari hiyo na kutoa anwani ya mtandao ya aliyetuma. Nimeifanyia kazi miezi mitano, tangu siku ile Mama alipoandikiwa kwamba ameshinda gari na akaanza kumtafuta mtu wa kumfundisha kuendesha.

Zeddy ni msaidizi wangu. Anajua kubonyeza kitufe. Lakini Zeddy ana sauti! Husoma matangazo kwenye gwaride, na walimu hucheka pale anapotaka wacheke. Mimi nikisimama mbele ya watu zaidi ya watano, mdomo hukauka, na karatasi hutetemeka mpaka walioketi nyuma wanaisikia.

Nani anafaidika nisipozungumza? Zeddy. Nani anajua kwamba naogopa? Zeddy. Na shule nzima, lakini zaidi Zeddy.

Mpango: programu yangu itamnasa mwandishi. Mradi utathibitika na adui atafichuka, yote siku moja. Nimemwomba Mwalimu anisambazie barua hiyo na amekubali.

Chakula cha jioni hakikushuka. Mama aliniangalia sana. Nilimwambia ni mtihani wa Kemia.


Jumanne, 11 Februari

Nimeipitisha barua kwenye programu asubuhi, kabla ya kengele. Imetoa anwani kumi na saba.

Kumi na saba! Si adui, ni genge.

Nilifungua ukurasa mpya nikaandika majina kumi na saba ya watu wanaoweza kunichukia. Nilidhani nitakwama kwenye la nne. Ukurasa ulijaa kabla Mwalimu wa Jiografia hajamaliza kuita majina. Namba tisa ni mama wa maktaba, ambaye hunitazama nikirudisha vitabu kana kwamba nimevilamba. Namba kumi na saba ni Bethwel, fundi wa baiskeli anayeishi kwenye ploti yetu hapa Bondeni. Kila asubuhi ananisalimu "sasa" kwa sauti ambayo sijaielewa.

Wakati wa chakula cha mchana nilimwonyesha Kipkoech. Kipkoech ni rafiki yangu na tunakaa dawati moja. Kwao ni Rongai lakini anaishi kwa mjomba wake mjini. Alizitazama anwani huku akitafuna, halafu akauliza kwa nini ya tatu ni namba ya simu ya Mwalimu Sitati.

Nikatazama. Ni namba ya simu ya Mwalimu Sitati. Iko chini ya kila barua yake. Nyingine ni tarehe iliyoungana na saa.

Kosa ni nukta. Ruwaza yangu, yaani maelezo ya umbo ambalo programu inalitafuta, inasema: tarakimu moja hadi tatu, kisha nukta, na kuendelea hivyo mpaka mafungu manne ya tarakimu. Lakini katika uandishi wa ruwaza, nukta tupu ina maana ya alama yoyote ile, hata tarakimu. Ukitaka nukta iwe nukta na isiwe kitu kingine, unatanguliza mkwaju, ule mstari ulioinamia nyuma. Nilipoinakili upya mwezi jana niliiacha mikwaju yote mitatu. Programu imekuwa ikiita kila kitu anwani!

Na Jumamosi ningesimama nayo Rongai!

Nimeirudisha mikwaju. Imebaki anwani moja tu: 198.51.100.6. Nimefuta majina kumi na sita. Nimemwacha Zeddy. Mama wa maktaba nimemfuta kwa penseli.


Jumatano, 12 Februari

Nimempata!

Anwani ni ya shule yetu yenyewe. Nimehakikisha maabarani. Barua ilitoka ndani ya shule, Jumatatu, saa tano na dakika arobaini. Nani alikuwa maabarani wakati huo? Zeddy. Alikuwa anachapisha ratiba ya michezo. Nilimwona kwa macho yangu.

Nisingeweza kusema jambo hilo kwa mdomo, kwa hiyo niliandika barua ya kurasa mbili: KUH: USHAHIDI DHIDI YA MWANACHAMA MWENZANGU. Nilipiga mistari chini ya saa na chini ya anwani kwa kalamu nyekundu. Nikaiweka juu ya meza ya Mwalimu Sitati nikakimbia.

Aliniita baada ya michezo. Zeddy alikuwapo pia. Mwalimu alikuwa amemwonyesha barua, akisema mtu anayeshtakiwa ana haki ya kusoma.

Mwalimu aliniuliza polepole ni saa ngapi alinisomea ile barua pepe Jumatatu. Nikasema saa tano. Akauliza kwa ushahidi wangu ilitumwa saa ngapi. Nikasema saa tano na dakika arobaini. Akaitazama saa ya ukutani. Zeddy akaitazama pia. Hata feni nadhani ilisimama.

Barua ikisambazwa, kichwa chake kinakuwa cha aliyeisambaza. Saa tano na dakika arobaini ndipo Mwalimu aliponisambazia. Nimetumia siku mbili, kalamu nyekundu na kurasa mbili kumshtaki Mwalimu Sitati.

Zeddy alicheka mpaka akaketi chini. Aliuliza kama Mwalimu apelekwe ndani sasa hivi au amalize chai kwanza. Tangu hapo ananiita Inspekta. Kwenye varanda alinyoosha mikono yote miwili mbele ya watoto wa kidato cha pili akaniambia nimpige pingu tu, buda, amechoka kujificha.

Baadaye alinifuata bombani akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hata hataki kuongea Rongai. Akasema msee, hajui hiyo kitu hufanya aje. Wakimuuliza swali moja ameisha.

Ni mjanja sana. Mwenye hatia daima hukana kwamba ana sababu.


Alhamisi, 13 Februari

Siku mbaya kuliko zote. Lakini nitaandika.

Asubuhi Mwalimu aliniketisha mbele ya kompyuta yake akanifungulia barua ya asili. Mwandishi hakutumia kampuni kubwa za barua pepe, ambazo huificha anwani ya mtumaji. Alitumia huduma ndogo ya bure isiyoficha kitu. Programu ilifanya kazi mara moja. Anwani moja, safi: 203.0.113.47. Imetumwa Jumapili saa kumi na dakika kumi na nne alasiri.

Mwalimu alifurahi. Akasema leo kila mwanachama amwandikie barua pepe kutoka nyumbani, kesho tutalinganisha anwani, litakuwa zoezi zuri. Mimi sikuweza kungoja kesho. Nilimwambia Zeddy kwamba bango la mradi linahitaji picha yake, anitumie jioni akiwa kwao Rhonda, tena kwa huduma ileile ndogo ya bure. Alituma picha kumi na moja. Katika mojawapo amevaa miwani ya jua na amejishika kidevu.

Anwani si yake. Haifanani hata kidogo!

Kipkoech naye, nilipomwomba, alituma barua ya maneno manne: hii ni ya nini. Si yake pia. Nilipompigia alinisimulia kwamba mwaka jana mtamba wao alipotea, baba yake akatafuta siku mbili, akaripoti kwa chifu, akagombana na jirani, na mtamba alikuwa nyuma ya ghala lao la mahindi akila. Sikuona hadithi hiyo inahusiana vipi na mambo yangu. Nilimshukuru nikakata simu.

Kisha, ili tu nihakikishe programu iko sawa, nikajitumia barua mwenyewe kutoka hapa nyumbani.

203.0.113.47.

Nikaketi sakafuni.

Hizi nyumba zetu ni zile za zamani za kaunsili. Milango sita, ua mmoja, waifai moja. Ruta, kile kisanduku cha mtandao, iko kwa jirani yetu Mama Wachuka kwa sababu soketi yake ndiyo haichezi. Milango yote sita ikiingia mtandaoni, huko nje inaonekana kama mtu mmoja. Adui yangu anaanika nguo kwenye kamba yetu!

Washukiwa: Mama Wachuka. Bethwel. Mzee Dualeh, ambaye hana simu ila redio, lakini huwezi kujua. Wale wauguzi wawili. Yule mpangaji mpya wa mlango wa tano anayetoka na mkoba. Mlango wa sita ni sisi, yaani Mama, dada yangu Ilwad na mimi. Sisi si washukiwa.

Lakini Mwalimu atasema nini akiona anwani ni ya kwangu? Atasema niliiandika mwenyewe kwa woga. Jumapili saa kumi na dakika kumi na nne nilikuwa bafuni nikiihutubia sabuni. Sina shahidi. Programu ikifanya kazi, mimi ni mwongo. Isipofanya kazi, sina mradi. Miezi mitano!

Nilianza na Mama Wachuka. Nilitaka kumuuliza kwa adabu kama kuna jambo lolote analo moyoni juu yangu. Nilizunguka sana. Nilisema nimekua kwenye ploti hii, nikasema namheshimu, nikasema kuna jambo linaninyima usingizi. Akaniangalia, akaweka sufuria chini, akasema Mugure bado anasoma na mimi pia bado nasoma, tumalize shule kwanza kisha nije na wazee wetu. Mugure ni binti yake. Mugure alikuwa dirishani. Sitapita tena upande ule wa ua.

Kisha nikapata wazo. Ruta ikizimwa kwa muda, inaporudi kampuni huipa anwani nyingine. Barua yangu ya kulinganisha ikitoka na anwani mpya, niko salama! Nikarudi kwa Mama Wachuka nikiwa nimeinamisha kichwa, nikamwambia ruta imechoka na inahitaji kupumzika. Nikaichomoa.

Sikujua kwamba alipoingia chumbani alirejea kwenye maombi ya kikundi chao kwa video na ndiye aliyekuwa akiomba. Sikujua Ilwad alikuwa anatuma kazi ya chuo iliyopaswa kufika kabla ya saa kumi na mbili. Ua ulijaa watu. Bethwel alisimama na spana. Mzee Dualeh akatoka kuuliza kama ni vita.

Iliporudi: 203.0.113.48. Nimetuma yangu kwa Mwalimu. Ilwad haongei na mimi.


Ijumaa, 14 Februari

Mwalimu aliziweka anwani mbili kando kwa kando kwenye ukuta kwa projekta. Ya barua: inaishia na 47. Ya Yaseen: inaishia na 48. Akauliza darasa wanaona nini.

Zeddy akasema hao ni majirani.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya aina tatu. Yote yalitoka kwa pamoja. Nikasimulia milango sita, ruta, maombi ya Mama Wachuka yaliyokatika kabla ya amina. Nikasema si mimi niliyeandika na sina shahidi ila sabuni. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Hata Zeddy alitazama viatu vyake.

Mwalimu alitoa watu wote nje. Akasema programu haidanganyi, na hajawahi kuwa na shaka ni ya nani. Akasema hana haja ya kujua nani aliandika. Anataka kujua jambo moja tu: kesho nataka kuongea?

Nikaanza kukunja waya wa projekta, kwa makini sana.

Basi akaamua. Zeddy ataongea, mimi nitaketi kwenye kompyuta.

Nilingoja chakula cha jioni kuwaambia. Nilisema kesho nitakwenda Rongai lakini Zeddy ndiye atakaye... na Mama akasema Alhamdulillahi. Sikuwa nimemaliza sentensi. Ilwad akainamia wali kama anayetafuta jiwe.

Mlango wa sita.

Mama hakukana. Alisema wiki tatu sasa anasikia natapika kabla ya shule. Alisema ananisikia bafuni nikiongea peke yangu, nakwama mahali palepale, naanza upya, nakwama tena, na kila nikikwama yeye huku nje anashika ukuta. Hakutaka nione aibu, kwa hiyo alimwambia Ilwad aandike bila jina. Ilwad akasema kwa kujitetea kwamba yeye ndiye aliyeongeza lile la kazi yake ni nzuri.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia mimi mwenyewe. Akasema aliniambia mara tatu kupitia mlango wa bafu, na mara tatu nilimjibu niko sawa.

Nilisema ameniharibia. Akasema labda. Akasema kama kweli nataka kuongea, atampigia Mwalimu sasa hivi, na safari hii atataja jina lake. Nilisema sijui. Nadhani ndilo jambo la kweli la kwanza nililosema wiki hii.

Hakupiga.


Jumamosi, 15 Februari

Rongai. Ukumbi mkubwa, viti vya plastiki, shule ishirini na mbili. Niliketi kwenye kompyuta na kuhesabu feni. Nne, moja haizunguki.

Zeddy alikuwa mzuri. Lazima niseme haki. Kwa dakika tatu majaji walitabasamu, na alipobonyeza kitufe alikibonyeza kama anayezindua barabara.

Kisha jaji mmoja, mama mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, akauliza kwa nini kuna mkwaju mbele ya nukta.

Zeddy akatabasamu. Akaendelea kutabasamu. Nikaona jasho likishuka nyuma ya sikio lake, na nikalijua lile jasho, ni langu. Kisha akageuka akasema madam, hapo aulizwe mwenyewe, yeye ndiye alipata shida na hiyo nukta.

Nikasimama. Karatasi ilibaki kwenye kiti, kwa hiyo hapakuwa na kitu mkononi cha kutetemeka. Sikuwa na hotuba ya swali hilo. Nilikuwa na wiki yangu tu. Nikawaambia kwamba bila mkwaju nilipata maadui kumi na saba na mmoja wao alikuwa namba ya simu. Ukumbi ukacheka. Nikadhani nimekufa. Nikawaeleza kuhusu kusambaza, na jinsi nilivyomshtaki mwalimu wangu kwa kalamu nyekundu. Wakacheka tena, na Mwalimu Sitati akasimama akapunga mkono. Nikawaambia kwamba anwani hukufikisha mpaka kwenye ruta, haikuonyeshi mlango, na kwamba milango sita inaweza kuwa anwani moja. Jaji aliandika hilo.

Nilipoketi Kipkoech, aliyekuwa amekuja kututazama, alisema nimeongea dakika saba.

Nafasi ya pili! Tunakwenda mashindano ya mkoa. Zeddy alinibeba mgongoni mpaka kwenye lango akipiga kelele Inspekta, Inspekta.

Pale langoni nikamwona Mama. Asubuhi alikuwa ameniambia anakwenda sokoni. Alikuwa ameketi safu ya nyuma muda wote na Ilwad, na Ilwad anasema Mama hakuona chochote kwa sababu alijifunika uso kwa mtandio tangu niliposimama. Lakini alisikia. Alinishika mkono.


Jumapili, 16 Februari

Nimelala kwa saa kumi. Nimekula mara mbili.

Nimetafakari wiki yangu. Mtu aliandika juu yangu kwa upendo nikamwinda kama mwizi. Zeddy hakutaka nafasi yangu. Bethwel, nilipompita asubuhi, alisema "sasa" na nikatambua anamaanisha sasa tu. Kuanzia leo sitamdhania mtu vibaya. Nimeliandika hili kwenye ukurasa wake peke yake.

Saa tisa imeingia barua pepe. Imetoka kwa msichana anayeitwa Kimberly. Anasema yuko kidato cha tatu, anwani yangu aliiona kwenye bango letu, alikuwa jana ukumbini na mradi wa maji taka, meza ya pili kutoka kwetu. Anasema maelezo yangu ndiyo pekee aliyoyaelewa siku nzima na alicheka sana. Anauliza kama ninaweza kumfundisha ruwaza.

Nimeisoma mara tisa.

Ameweka jina lake kamili, shule yake, kidato, hata namba ya meza. Nani huweka mambo yote hayo? Mtu mwenye nia njema hajielezi kiasi hicho. Na "alicheka sana". Alimcheka nani? Meza ya pili kutoka kwetu walishika nafasi ya tatu. Nani anafaidika nikishindwa kwenye mashindano ya mkoa?

Nimemwomba Ilwad kompyuta. Amekubali nikiapa kwamba sitaigusa ruta. Nimeapa. Kichwa cha barua kina mistari thelathini na mitatu, na mikwaju yote iko mahali pake.

Imetoa anwani mbili. Mbili! Kwa hiyo ana mwenzake.

Sijamjibu. Nimefungua ukurasa mpya na kuandika majina.